Jinsi ya Kuandika na Kuwasilisha Barua ya Kuomba Usajili wa Klabu ya Michezo

Klabu za michezo Tanzania Bara husajiliwa na Msajili wa Vyama vya Michezo kwa mujibu wa Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa, Na. 12 ya mwaka 1967, pamoja na marekebisho yake. Zanzibar ina baraza lake na utaratibu wake. Viambatisho vinavyodaiwa vinafahamika kwa wengi, yaani katiba ya klabu, muhtasari wa kikao kilichoipitisha, orodha ya wanachama na wasifu wa viongozi, ilhali idadi ya nakala na kiwango cha ada ni mambo ya kumuuliza Afisa Michezo wa halmashauri kabla ya kuanza. Kinachowakwamisha makatibu wengi ni karatasi moja tu inayowekwa juu ya hayo yote: barua ya maombi.

Inafaa katibu ajue tangu mwanzo kwamba barua yake haisomwi na mtu mmoja. Mhudumu wa masjala huisoma ili ajue ni ya jalada gani, afisa huisoma ili aandike maoni, na miezi kadhaa baadaye huenda mtu wa tatu akalifungua jalada hilo ili kuhakiki tarehe. Kila kipengele cha muundo wa barua rasmi kimewekwa kwa ajili ya mmoja wa watu hao.

Hatua ya kwanza ni kulinganisha jina la klabu katika nyaraka zote. Katiba ikisema “Klabu ya Riadha”, muhuri ukasema “Riadha Klabu” na muhtasari ukaandika kifupisho tu, afisa ana haki ya kuuliza kama hizo ni klabu tatu. Chagua umbo moja, lile lililo katika katiba, kisha ulitumie hivyo hivyo mpaka kwenye muhuri.

Baada ya hapo andika kichwa cha barua. Anwani ya klabu hukaa juu upande wa kulia, ikiwa na jina la klabu, sanduku la posta na mji. Klabu isiyo na sanduku inaweza kutumia la mwanachama au la taasisi iliyoridhia, na hapo itaje pia mtaa, kata na namba ya simu ya katibu. Tarehe huandikwa chini ya anwani, na ni bora mwezi uandikwe kwa jina, kama “12 Februari, 2025”, kwa sababu “12/02/2025” husomeka kwa namna mbili. Upande wa kushoto, sambamba na tarehe, weka kumbukumbu namba. Klabu nyingi changa huiruka kwa kudhani kwamba ni jambo la serikali peke yake. Si kweli. Daftari la shule linatosha kuwa rejista ya barua zinazotoka, na namba kama “Kumb. Na. KR/USJ/01” (klabu ya riadha, usajili, barua ya kwanza) itakuokoa siku utakapopigiwa simu na kuulizwa ni barua ipi unayoifuatilia.

Mwandikiwa huandikwa kushoto kwa cheo chake, kamwe si kwa jina. Ukimwandikia mtu kwa jina naye akahamishwa, barua yako inaweza kumsubiri mtu ambaye hatarudi katika ofisi hiyo. Kwa hiyo andika “Msajili wa Vyama vya Michezo”, taasisi, sanduku la posta na mji. Chini yake huja mstari ambao haupaswi kusahauliwa: “K.K. Afisa Michezo wa Wilaya”, yaani kupitia kwa afisa huyo. Mstari huo si mapambo, kwani una maana kwamba barua hupelekwa kwanza kwake, naye huithibitisha klabu kuwa anaitambua katika eneo lake, kisha huipitisha ikiwa na maoni yake. Ukimruka, utegemee barua kurudishwa pale pale ulipopaswa kuanzia.

Salamu ni neno moja, “Ndugu”, likifuatwa na alama ya mkato. Kisha huja kichwa cha habari, kwa herufi kubwa na kupigiwa mstari: “YAH: MAOMBI YA KUSAJILI KLABU YA RIADHA”. “YAH” ni kifupi cha “yahusu”. Wasomaji wa Kenya wamezoea “KUH” (kuhusu) au “MINT” (mintarafu) mahali hapo, na kazi yake ni ile ile. Kichwa kinachosema “YAH: MAOMBI” bila zaidi hakimsaidii mtu wa masjala hata kidogo. Vilevile, barua moja ibebe jambo moja. Nilipokuwa katibu wa klabu ya mbio mtaani kwetu, niliomba katika barua moja usajili na ruhusa ya kutumia uwanja wa shule siku za Jumamosi, nikiamini kwamba napunguza usumbufu. Barua iliingizwa katika jalada la viwanja, ikajibiwa kuhusu uwanja, na suala la usajili likalala humo kwa wiki saba hadi nilipokwenda mwenyewe kuliuliza. Ofisi haikukosea, niliyekosea ni mimi, kwa kuwa karatasi moja haiwezi kukaa katika majalada mawili.

Mwili wa barua ufuate desturi ya barua za serikali, ambapo aya ya kwanza haipewi namba, na zinazofuata hupewa kuanzia 2. Aya ya kwanza kwa kawaida ni sentensi moja: “Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.” Wako wanaoichukia sentensi hiyo, na mimi sioni inaongeza nini, lakini imezoeleka kiasi kwamba kuiacha humfanya msomaji adhani ukurasa umepotea. Aya ya 2 ndiyo moyo wa barua, nayo inaweza kusomeka hivi: “Klabu yetu iliundwa katika kikao cha wanachama kilichofanyika tarehe 18 Januari, 2025, ambacho kilipitisha katiba na kuchagua viongozi. Kwa barua hii tunaomba klabu isajiliwe ili iweze kuendesha shughuli zake kisheria.” Ombi limetajwa, tarehe imetajwa, na afisa anaweza kuilinganisha na muhtasari papo hapo. Aya ya 3 iorodheshe viambatisho kwa majina na idadi ya kurasa, ili kikipungua kimoja ijulikane kimepungukia wapi. Aya ya 4 ni “Tunaomba kuwasilisha.” Historia ya upendo wenu kwa riadha tangu utotoni ina mahali pake, lakini si hapa.

Mwishoni huandikwa “Wako mtiifu”, kisha sahihi, jina kamili, cheo na muhuri wa klabu, ambao uguse sahihi bila kuifunika. Anayesaini kwa niaba ya katibu atangulize “k.n.y.” mbele ya cheo. Chini kabisa kushoto huwekwa “Nakala kwa:”, ukitaja vyeo vya wale wanaopaswa kuwa na taarifa, kwa mfano Afisa Mtendaji wa Kata.

Ofisi ikielekeza kwamba maombi yatumwe kwa barua pepe, muundo haubadiliki. Barua iliyosainiwa na kupigwa muhuri hupitishwa kwenye skana na kuambatishwa kama faili moja la PDF, si picha nane za simu, nyingine zikiwa zimelala ubavu. Mada ya barua pepe iwe ile ile ya YAH, ikifuatwa na kumbukumbu namba. Ndani ya ujumbe andika sentensi mbili au tatu, bila rangi, bila herufi za madoido wala vikatuni, kisha jina, cheo na simu. Faili lipewe jina linaloeleweka likitenganishwa na ujumbe. “Barua ya usajili, klabu ya riadha, Februari 2025” linaeleweka, “scan0007” halieleweki. Tumia anwani ya klabu badala ya ile uliyoifungua ukiwa kidato cha pili ikiwa na jina lako la utani.

Ukipeleka kwa mkono, nenda na nakala mbili. Moja hubaki masjala, na ya pili huombwa igongwe muhuri wa “IMEPOKELEWA” wenye tarehe, nawe unarudi nayo. Hifadhi nakala hiyo katika jalada la klabu, si nyumbani kwa katibu, kwa sababu makatibu hubadilika. Muda wa majibu ulioelezwa na ofisi ukipita, andika barua fupi ya kukumbushia inayotaja kumbukumbu namba na tarehe ya muhuri huo, na uipitishe kwa Afisa Michezo yule yule.