Kupanga kompyuta ndogo na tulivu ya gemu katika joto la Mombasa

Miongozo mingi ya kuunda kompyuta ndogo ya gemu huandikwa na watu ambao hewa ya vyumba vyao haizidi sana nyuzi 20 au 21 za Selsiasi. Mombasa hali ni nyingine. Kati ya Januari na Machi, kaskazi inapovuma, joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33, na chumba kilicho chini ya mabati huweza kupita hapo. Jambo hili hubadilisha hesabu nzima, kwa sababu kipoza joto hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa inayokizunguka. Kazi yake ni kupunguza tofauti iliyopo kati ya hivyo viwili. Kipoza joto kinachoiweka prosesa nyuzi 45 juu ya hewa ya chumba kitasoma nyuzi 66 katika chumba cha London chenye nyuzi 21, na nyuzi 77 katika chumba cha Kisauni chenye nyuzi 32, na feni, kwa kuwa zinaongozwa na joto hilo, zitaanza kuvuma mapema zaidi.

Kwa hiyo yeyote anayetaka mashine tulivu hapa Pwani asianze kwa kuchagua kasha linalopendeza wala feni za bei ghali. Aanze na wati. Umeme wote unaoingia katika prosesa na kadi ya michoro hutoka ukiwa joto, joto hilo huhitaji hewa ya kulitoa nje, na hewa inayosukumwa kwa kasi ndiyo kelele yenyewe.

Kuweka kikomo cha wati

Kinachoamua ukubwa wa kadi ya michoro ni skrini utakayoitumia. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta milioni 2 hivi, ya 2560 kwa 1440 ina nukta milioni 3.7, na ya 3840 kwa 2160 ina zaidi ya milioni 8, yaani mara nne ya ile ya kwanza. Anayechezea skrini ya kwanza hana sababu ya kununua kadi ya wati 300. GeForce RTX 4060, kwa mfano, imepangiwa wati 115, RTX 4060 Ti wati 160, na RTX 4070 wati 200. Radeon RX 7600, ambayo hushindana na ya kwanza, imepangiwa wati 165. Tofauti ya wati 50 kati ya kadi mbili zinazokaribiana kwa kasi huenda isimsumbue mwenye kasha kubwa, lakini ndani ya kasha dogo inatosha kuamua kama utasikia mashine au hutaisikia. Tahadhari moja kuhusu RTX 4060 ni kwamba ina kumbukumbu ya gigabaiti 8 tu, na baadhi ya gemu mpya huijaza kumbukumbu hiyo upesi ukiweka picha katika kiwango cha juu kabisa.

Kwa upande wa prosesa, Ryzen 5 7600 ni mfano mzuri: imetangazwa kuwa ya wati 65, na kikomo chake halisi kwenye soketi ni wati 88. Prosesa kubwa za familia hiyohiyo zinaweza kuwekewa kikomo hicho kupitia mpangilio wa Eco ulio ndani ya BIOS (programu ya msingi ya ubao mama), na katika gemu hasara huwa ndogo, kwa kuwa gemu nyingi hazitumii viini vyote vya prosesa kwa wakati mmoja. Jumlisha sasa: wati 88 za prosesa, wati 115 za kadi, na takriban wati 50 za ubao mama, kumbukumbu, diski na feni. Jumla ni wati 253. Ukichagua RTX 4070 jumla inakuwa wati 338. Kwa maoni yangu, wati 350 ndizo mpaka wa busara kwa kasha dogo katika chumba kisicho na kiyoyozi, na anayetaka kuuvuka mpaka huo akubali ama kasha kubwa ama mvumo.

Kadi ya michoro nayo inaweza kuwekewa kikomo kwa programu kama MSI Afterburner. Ukiishusha hadi asilimia 80 ya wati zake, fremu (picha zinazochorwa kila sekunde) hupungua kwa kiasi kidogo kuliko wati, kwa sababu watengenezaji huisukuma kadi hadi mahali ambapo kila ongezeko dogo la kasi hudai umeme mwingi. Vilevile, ukifunga idadi ya fremu ilingane na skrini yako, iwe 60 au 144 kwa sekunde, kadi huacha kuchora picha ambazo skrini haiwezi kuzionyesha. Hatua hii ya pili haina gharama yoyote, na pia hupunguza ule mlio mwembamba wa koili ambao kadi nyingi hutoa fremu zinapopaa kupita kiasi.

Kasha, vipimo na feni

Ubao mama wa Mini-ITX una upana na urefu wa milimita 170, na ndio msingi wa makasha mengi madogo. Ukubwa wa kasha hupimwa kwa lita: zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1000. Kasha la sentimita 38 kwa 18 kwa 29 lina karibu lita 20, sawa na mtungi wa maji unaosukumwa kwa mkokoteni mitaani kwetu. Cooler Master NR200 lina lita 18 na ushei, na linapokea kipoza joto cha kusimama chenye kimo cha hadi milimita 155. Fractal Terra lina lita 10.4, humo kadi ya michoro hukaa upande mmoja wa ukuta wa kati na ubao mama upande wa pili, na nafasi unayomwongezea kipoza joto kwa kuusogeza ukuta huo unamnyang'anya kadi.

Makasha ya lita 10 yanavutia mno mezani, sikatai. Hata hivyo, kwa Mombasa ningemshauri mtu achague lita 15 hadi 20. Kasha la ukubwa huo huruhusu feni za milimita 120 na kipoza joto chenye mapezi mengi, na feni kubwa inayozunguka polepole husukuma hewa ileile ambayo feni ndogo ingeisukuma kwa kupiga mbio. Hewa inayosukumwa hupungua kwa uwiano uleule wa kasi, lakini kelele huanguka haraka zaidi: ukipunguza kasi ya feni kwa nusu, kelele yake hushuka kwa takriban desibeli 15, na sikio la mwanadamu huhesabu kushuka kwa desibeli 10 kuwa ni nusu ya sauti. Feni mbili zinazozunguka mara 700 kwa dakika huacha chumba kimya kuliko moja inayozunguka mara 1400, ilhali hewa ni ileile. Chagua pia kasha lenye kuta za wavu. Kioo ubavuni ni pambo linalozuia hewa pale inapotakiwa.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, chukua karatasi na uandike vipimo vinne: urefu wa kadi ya michoro, unene wake, kimo cha kipoza joto, na kina cha pawasaplai, yaani kifaa kinachoilisha mashine umeme. Linganisha kila kimoja na kikomo kilichotajwa na mtengenezaji wa kasha, kisha acha nafasi ya nyaya, kwa kuwa plagi ya umeme ya kadi huchomoza na waya wake haufai kukunjwa karibu na plagi. Kadi ambayo kwa karatasi inaingia huku imebakisha milimita 2 mara nyingi haiingii mikononi. Kama kasha linatumia kebo ya kuunganishia kadi, hakikisha kizazi cha kebo hiyo kinalingana na cha ubao mama. Kebo ya PCIe 3.0 (PCIe ni njia inayounganisha kadi na ubao mama) kwenye ubao wa 4.0 huweza kukupa skrini nyeusi mpaka ushushe mpangilio huo ndani ya BIOS.

Pawasaplai ya makasha haya ni ya aina ya SFX, yenye upana wa milimita 125, kimo cha 63.5 na kina cha 100. Nunua ya wati 600 au 650 hata kama mashine inahitaji wati 300 pekee, kwa kuwa ikifanya kazi karibu na nusu ya uwezo wake hupoteza umeme kidogo zaidi kuwa joto na feni yake husinzia. Kumbukumbu ziwe mbili, zinunuliwe pamoja, kwa sababu ubao wa Mini-ITX kwa kawaida una nafasi mbili tu. Diski iwe ya M.2, ile bapa inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama. Diski ya kuzunguka haina nafasi katika mashine inayotafuta utulivu.

Njia ya bei nafuu

Asiyekuwa na fedha za sehemu mpya anaweza kununua kompyuta ya ofisi iliyotumika, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk za umbo dogo la SFF, ambazo zinapatikana kwa wingi nchini. Humo huingia kadi ya michoro yenye nusu kimo isiyohitaji plagi yake ya umeme, kwa kuwa nafasi ya PCIe yenyewe hutoa hadi wati 75. RTX 3050 ya gigabaiti 6 hutumia wati 70 na ipo katika umbo hilo. Ubaya wake ni kwamba pawasaplai na ubao mama ni vya umbo la mtengenezaji pekee, kwa hiyo havihamishwi, na feni zake ndogo hulia mzigo unapozidi. Kwa gemu za mpira na za zamani kidogo, hata hivyo, ni mashine ya heshima.

Chumvi, unyevu na umeme

Hewa ya Nyali au Bamburi hubeba chumvi, na chumvi hufyonza unyevu. Vumbi lenye chumvi likitanda juu ya ubao mama huweza kupitisha umeme mahali usipotakiwa, na hula skrubu za chuma. Panga feni zinazoingiza hewa ziwe nyingi kuliko zinazoitoa, na kila inayoingiza iwe na chujio, ili hewa ipenye pale ulipochagua wewe badala ya kufyonzwa kupitia kila ufa. Machujio yaoshwe mara kwa mara, yakauke kabisa, ndipo yarudishwe.

Wenye kiyoyozi wana hatari yao. Kiwango cha umande cha hewa ya Mombasa kinaweza kufika nyuzi 24, maana yake ni kwamba chuma kilichopoa hadi nyuzi 20 kitafanya majimaji mara hewa ya nje itakapokifikia. Ukizima kiyoyozi na kufungua madirisha, iache mashine ipate joto la chumba kabla ya kuiwasha.

Kuhusu umeme, volti 240 zetu huyumba, na stima ikirudi baada ya kukatika huja kwa kishindo. UPS, kifaa chenye betri ya kushika stima inapokatika, yenye kurekebisha volti ni sehemu ya mpango. Soma wati zake, usisome VA (volti mara ampea) pekee, kwa kuwa UPS ya VA 1000 mara nyingi hubeba wati 600 au karibu na hapo. Ukigusa kasha la chuma ukahisi mchomo mdogo vidoleni, mwite fundi wa umeme akague waya wa ardhi wa nyumba kabla ya kuilaumu kompyuta.

Kutuliza feni

Katika nyumba zetu pangaboi huzunguka mchana na usiku, na mvumo wake wa kudumu humeza mvumo wa kudumu wa kompyuta. Kinachokera ni sauti inayopanda na kushuka. Mistari ya kasi ya feni inayokuja na ubao mama mara nyingi huanza kupanda mapema, lakini hapa prosesa iliyopumzika tayari ina nyuzi 45 au 50, kwa hiyo feni hupandapanda bila sababu. Iweke asilimia 30 au 35 ya kasi yake bila kubadilika hadi nyuzi 60, ipande taratibu hadi asilimia 65 kwenye nyuzi 80, na ifike mwisho kwenye nyuzi 90. Ryzen 5 7600 hujipunguzia kasi yenyewe kwenye nyuzi 95, kwa hiyo nyuzi 80 si janga. Ongeza pia ucheleweshaji wa sekunde kadhaa, ikiwa BIOS inao, ili feni isishtukie kila ukurasa unaofunguliwa.

Unganisha sehemu zote nje ya kasha kwanza, uiwashe, na uhakikishe kwamba kumbukumbu na diski zinaonekana, kwa maana kufungua kasha dogo upya kwa sababu ya waya mmoja ni adhabu. Kisha funga kila kitu, uiweke angalau sentimita 10 kutoka ukutani, mbali na kabati na pazia, na ucheze gemu nzito kwa saa moja alasiri ya joto huku programu ya HWiNFO ikirekodi joto. Jaribio la asubuhi, au la mwezi wa Julai kusi inapovuma, halikuambii lolote kuhusu Februari. Kama kadi ndiyo inayopita kiwango, shusha kikomo chake kwa asilimia 5 na urudie kabla ya kugusa feni. Matokeo yakikuridhisha, ihifadhi mipangilio ya BIOS kama profaili na uipige picha kwa simu, kwa kuwa kusasisha BIOS huweza kuirudisha yote katika hali ya kiwandani.