Kabla hujakaza roka za rola, paka wino kwanza
Mafundi wenzangu wa Ngamiani na Tanga yote, mnaofunga roka za rola (mikono inayosukuma valvu, yenye kigurudumu kwenye ncha) kwenye injini za pushirodi (fimbo zinazosukuma roka), msikimbilie kukaza. Paka maka peni kwenye ncha ya valvu, funga roka, seti tapeti (nafasi kati ya roka na valvu), kisha zungusha injini kwa spana mizunguko miwili kamili. Fungua utazame. Rola inatakiwa iache mstari mwembamba katikati ya ncha. Mstari ukielemea ukingoni, mara nyingi urefu wa pushirodi ndio haufai. Ukilazimisha hivyo hivyo, gaidi ya valvu (bomba linaloiongoza valvu) italika upande mmoja na gari litaanza kula oili. Pushirodi za urefu mwingine ni gharama, lakini si kama kufungua hedi upya.

Ukitoka roka za uwiano wa 1.5 kwenda 1.6 (yaani mara ngapi roka inazidisha mwendo wa pushirodi), valvu inafunguka zaidi kwa karibu asilimia 7. Hapo usikisie: pima kama springi haijibani koili kwa koili, na kama valvu haifiki kwenye pistoni.

Roka hizi huwa nene, kwa hiyo jaribu na kava ya juu ya hedi pia. Zungusha kwa mkono, sikiliza kama zinagusa. Na rola zote zipate oili kabla hujapiga stata.