Kupiga picha ya galaksi M74: kazi kubwa iko kwenye flati

Vipimo hivi ni vya darubini ya kioo ya milimita 200, f/5 (urefu wa fokasi ni mara tano ya kipenyo), stendi ya ikweta yenye mota (hufuata nyota zinavyosogea) na kamera ya DSLR. Flati ni picha za kusahihisha vumbi na giza la pembeni; ziko hatua ya 4.

1. Kuitafuta. M74 iko katika kundinyota la Samaki, digrii moja na theluthi hivi mashariki ya nyota Eta Piscium. Upana wake ni theluthi ya mwezi mpevu, na mwanga wake umetandaa mno. Oktoba hadi Desemba, usiku usio na mwezi. Filta ya kuzuia taa za mji usinunue: galaksi hung'aa kwa mwanga wa nyota, wa rangi zote, kwa hiyo filta itaikata nayo pia. Heri nauli ya kwenda kwenye giza.

2. Fokasi. Barakoa ya Bahtinov (kifuniko chenye mianya cha mdomoni mwa darubini, huonyesha fokasi ikikaa sawa), ukilenga Eta Piscium yenyewe. Rudia kila saa. Bomba likipoa husinyaa.

3. Picha zenyewe. RAW (faili ghafi la kamera), ISO 800, sekunde 180, picha 60. Sogeza darubini kidogo kila baada ya picha chache, ili dosari za sensa zisirundikane mahali pamoja. Funika mdomo wa darubini, piga fremu 20 za giza (picha zisizo na mwanga, za kutoa kelele ya sensa baadaye) kwa muda uleule.

4. Flati. Hapa ndipo usiku mzima huharibika. Flati ni picha ya mwanga sawasawa inayorekodi vumbi na giza la pembeni, na mikono ya M74 ni hafifu kuliko vivuli hivyo. Zipige kabla ya kufungua chochote: ukizungusha kamera au ukigusa fokasi, vumbi halitalingana tena.

Vuta kitambaa cheupe mara mbili mdomoni, kisiwe na mkunjo, weka juu yake paneli ya LED. ISO ileile. Kilima cha histogramu (grafu ya mwanga wa picha kwenye kamera) kiwe kati ya theluthi na nusu, ukihesabu kutoka kushoto. Muda usipungue sekunde moja, la sivyo kumeta kwa LED kutachora mistari; mwanga ukizidi, ongeza karatasi nyeupe. Piga 30, kisha zima paneli, funika, piga 30 nyingine za giza kwa muda uleule wa flati.

Pembe zikibaki nyeusi baada ya kusahihisha, mara nyingi ni kwa sababu hukuondoa zile fremu za giza za flati kwenye flati. Zikiwaka kuliko katikati, angalia kama umeondoa fremu za giza kwenye picha zenyewe. Vyote viko sawa na bado? Mwanga unapenya nyuma ya kioo kikuu. Funika kwa kitambaa cheusi.

5. Kuunganisha. Siril, programu ya kuunganisha na kusahihisha picha za anga, inatosha, na ni ya bure. Ondoa mteremko wa mwanga wa anga kabla ya kuinua histogramu (kung'arisha picha). Alama za sampuli (vituo ambapo programu hupima mwanga wa anga) ziweke mbali na galaksi, hata pale panapoonekana patupu: programu ikidhani mkono wa nje ni anga, itaufuta.