Kabla ya Kukigeuza Kitabu-Mchezo Kuwa Programu ya Simu

Kitabu-mchezo hakisomwi moja kwa moja toka mwanzo hadi mwisho. Unasoma kifungu cha kwanza, unaulizwa ushike njia ipi, unatumwa kifungu kingine mbali kabisa, na ukikosea unakufa, unaanza upya. The Warlock of Firetop Mountain cha Steve Jackson na Ian Livingstone, kilichotoka Uingereza mwaka 1982, kina vifungu 400 vya namna hiyo, dadu mbili na karatasi ya kuandikia nguvu zako. Mtu anayejua kuandika programu akishika kitabu kama hiki huwaza jambo moja tu: hii ni programu tayari, imekosa simu.

Nami niliwaza hivyo. Nilikipata kimoja kwa muuza vitabu vya mtumba, jalada limeng'oka nusu, nikatumia miezi mitatu ya usiku kukichapa chote kwenye kompyuta na kuunda dadu zinazobingirika kwenye kioo. Ndipo nikakumbuka kumwandikia mchapishaji. Jibu lilikuja fupi na la adabu: haki za simu zilishauzwa kwa wengine. Tangu hapo nashughulikia leseni kwanza, msimbo (maagizo yanayoiendesha programu) baadaye, na si kwa woga wa sheria peke yake. Leseni ndiyo inayoamua msimbo wenyewe uwe na umbo gani.

Anza kwa kutafuta haki ziko mikononi mwa nani leo. Jina lililo juu ya jalada halitoshi, kwa kuwa mwandishi anaweza kuwa alimpa mchapishaji haki za karatasi akabaki na za kielektroniki, au aliuza zote, au amefariki na warithi ndio wenye neno. Michoro nayo ina wenyewe. Vitabu vya kwanza vya Lone Wolf, mfululizo wa vitabu-mchezo wa Joe Dever, vilichorwa na Gary Chalk, baadaye kalamu ikashikwa na Brian Williams, hivyo ukiomba ruhusa ya mfululizo huo uliza waziwazi kama ruhusa ya maneno inafika hadi kwenye picha. Na usijidanganye kwamba kitabu ni cha zamani. Vitabu-mchezo vilianza kushamiri mwishoni mwa miaka ya 1970. Dever alifariki mwaka 2016. Uingereza hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya kifo, yaani hadi mwisho wa mwaka 2086. Tanzania na Kenya ni miaka 50, lakini duka la programu linauza dunia nzima, kwa hiyo hesabu ya kufuata ni ile iliyo ndefu.

Mtego mkubwa kuliko yote ni kitabu kinachosomwa bure. Mwaka 1999 Dever aliruhusu vitabu vyake viwekwe kwenye intaneti bila malipo, na watu wa kujitolea wa Project Aon wakavichapa, wakavisahihisha na kuvipanga vizuri mno. Mtengeneza programu akiyaona mafaili yale mate yanamdondoka. Ila leseni yake inakuruhusu kusoma na kujipakulia kwa matumizi yako, haikuruhusu kuyasambaza upya bila idhini. Ukiyafungasha ndani ya programu ukaipandisha dukani, umeshasambaza, hata kama hudai senti tano.

Hapo ndipo leseni inapoingia kwenye msimbo. Tenganisha injini na maandishi tangu siku ya kwanza. Injini inajua kusoma vifungu, kurusha dadu, kutunza mkoba wa mchezaji na kukumbuka alipofikia. Haijui lolote kuhusu joka wala pango. Maandishi yakae kwenye faili lake. Ukinyimwa ruhusa ya kuyafungasha, huenda mwenye haki akakubali simu ya msomaji iyapakue yenyewe kutoka kwenye tovuti yake rasmi. Hilo nalo liulizwe, lisikisiwe. Akikataa kabisa, injini bado ni yako, itabeba hadithi nyingine. Mimi nilikuwa nimechanganya vyote kama mboga kwenye ubwabwa, na sikuweza kuokoa hata robo.

Kanuni za mchezo ni habari nyingine. Hakimiliki hulinda jinsi jambo lilivyoelezwa, wazo lenyewe hailindi. Kurusha dadu moja na kuongeza 6 ili upate ustadi wako, au kutafuta tofauti ya nguvu kati yako na adui kisha kuangalia jedwali, ni wazo ambalo unaweza kulitumia. Maneno yaliyoeleza kanuni hiyo, jedwali lenyewe lilivyopangwa na majina ya nchi na viumbe usiyaguse bila ruhusa.

Jina la bidhaa lichunguze mapema, maana alama ya biashara ni sheria tofauti na hakimiliki na haifi kwa kuhesabu miaka tangu mwandishi azikwe. Januari 2019 kampuni ya Chooseco, inayomiliki alama ya Choose Your Own Adventure, jina la mfululizo wa vitabu-mchezo, iliishtaki Netflix kwa sababu ya filamu ya Bandersnatch. Ndani yake kijana anayegeuza kitabu kuwa mchezo wa kompyuta anatamka maneno hayo akikieleza kitabu chake. Kesi ikaisha kwa makubaliano Novemba 2020. Kampuni kubwa kama ile ilitumia karibu miaka miwili kuhangaika na maneno manne. Wewe kwenye maelezo ya dukani andika tu kwamba msomaji anachagua njia yake mwenyewe.

Sasa uliza unaruhusiwa kubadilisha kiasi gani. Tin Man Games ya Australia, kwenye mfululizo wake wa Gamebook Adventures, ilibaki karibu sana na karatasi: dadu zinaonekana zikibingirika, na kuna alamisho mahali pa kile kidole tulichokuwa tunakiacha kwenye ukurasa ili tukifa turudi. Kampuni ya inkle ya Cambridge ilipochukua Sorcery! ya Steve Jackson, ikatoa sehemu nne kati ya 2013 na 2016, ilikwenda mbali: mapigano ya dadu yaliondolewa, ramani ikawa ndiyo ukurasa, maandishi yakapanuliwa, na msomaji akaruhusiwa kurudisha nyuma uamuzi wake. Zote mbili ni kazi nzuri, ingawa ruhusa zake si za aina moja. Ruhusa ya kukihamisha kitabu kwenye simu haimaanishi ruhusa ya kukiandika upya, na hata kusahihisha kosa la chapa kunaweza kuhitaji idhini. Andika kwenye barua yako mambo unayotaka kubadilisha, moja moja, kabla hujaambiwa ndiyo.

Kuna mabadiliko usiyoyafikiria kuwa mabadiliko. Mwishoni mwa Warlock kuna sanduku linalofunguliwa kwa funguo zenye namba: unajumlisha namba hizo, na jumla ndiyo kifungu unachokwenda. Ukiweka kitufe kimeandikwa “Fungua sanduku”, umekwisha kumpa msomaji siri ambayo mwandishi aliificha kwa makusudi. Ukibadilisha namba za vifungu ili zikupendeze kwenye hifadhidata, hesabu inavunjika. Kwa hiyo tunza namba za asili, weka sehemu ya kuingiza namba kwa mkono, na usome kitabu chote ukiwinda mitego ya aina hii kabla ya kukubaliana tarehe ya kumaliza. Kisha andika programu ndogo ya kukagua kwamba kila kiungo kinafika mahali na kwamba kila kifungu kina njia ya kukifikia. Kifungu kisicho na njia usikifute harakaharaka. Baadhi ya waandishi waliviweka makusudi kuwanasa wanaofunua kurasa kwa kuiba.

Kama nia yako ni toleo la Kiswahili, haki ya kutafsiri iombwe kwa jina lake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inahesabu kutafsiri na kugeuza kazi kuwa umbo jingine miongoni mwa haki za mtunzi, na unaweza kupewa hili ukanyimwa lile. Uliza pia tafsiri itakuwa mali ya nani mkataba ukiisha. Nimeona mtu akitafsiri kwa jasho lake, kisha hana ruhusa ya kuionyesha hata kwa marafiki.

Kwenye fedha, neno moja lina uzito kuliko asilimia: mrabaha, yaani fungu la mauzo analolipwa mwenye haki, unahesabiwa juu ya nini? Chukua programu ya dola 3. Apple na Google wote hukata asilimia 15 kwa watengenezaji wadogo, kwenye mapato ya mwaka yasiyozidi dola milioni 1, kwa hiyo unabaki na dola 2.55. Mrabaha wa asilimia 20 juu ya bei ya dukani ni senti 60. Juu ya kilichokufikia ni senti 51. Bado hujalipa dola 99 za kila mwaka za Apple, au dola 25 za Google ambazo ni mara moja tu. Na ukiweka matangazo kwenye kazi iliyotolewa kwa masharti ya kutofanyia biashara, usitegemee kujitetea kwamba programu ni ya bure.

Muda wa leseni watu huupita juujuu, nami nadhani ndiko maumivu ya kweli yaliko. Programu si kitabu kinachokaa rafuni. Mwaka 2017 iOS 11, mfumo wa simu za iPhone, ilipoacha kukubali programu za mtindo wa zamani wa biti 32, zile ambazo hazikusasishwa hazikufunguka tena. Leseni ya miaka mitatu ikiisha wakati mfumo wa simu nao unabadilika, una ruhusa ya kusasisha kwa ajili ya waliokwisha kununua? Hilo liandikwe. Liandikwe pia kwamba nakala zilizonunuliwa zitaendelea kufanya kazi, hata kama uuzaji umesimama.

Weka ruhusa yote kwenye faili moja: barua pepe, mkataba, orodha ya nchi, lugha na aina za simu. Duka likipokea malalamiko kuhusu hakimiliki linaweza kuiondoa programu, na litakachokuuliza ni uthibitisho huo.

Ukisubiri jibu, na majibu huchelewa, usikae bure. Injini ijaribu kwa kazi isiyo na mgogoro. Tovuti ya African Storybook ina hadithi nyingi za watoto, za Kiswahili zikiwemo, ambazo kwa kawaida leseni yake inakuruhusu kuzigeuza na hata kuziuza mradi umtaje mtunzi. Soma tu leseni ya kila hadithi. Chukua moja, mpe sungura njia tatu badala ya moja, andika kwa Twine, programu ya kutungia hadithi zenye njia nyingi, au kwa ink, lugha ya kazi hiyohiyo ambayo inkle waliitoa bure mwaka 2016. Halafu mpe mtu mwenye simu ya bei ndogo isiyo na bando, azime programu katikati ya pambano, aiwashe kesho yake, na uone kama mkoba wake bado una vitu vyake.