Kupima upungufu wa damu wa mtoto aliye tumboni kwa Dopla, hatua kwa hatua

Altrasaundi haipimi himoglobini. Kwa njia iitwayo Dopla inapima kasi ya damu, na kutokana na kasi hiyo sisi ndio tunaokisia kama mtoto aliye tumboni ana damu ya kutosha. Damu iliyopungukiwa chembe nyekundu huwa nyepesi, na moyo wa mtoto nao hulazimika kusukuma zaidi ili oksijeni itoshe. Mambo hayo mawili huifanya damu ikimbie. Tunaipima kwenye ateri ya kati ya ubongo kwa sababu ateri hiyo hufikika kirahisi, na mara nyingi hulala sambamba na mawimbi ya mashine.

Zamani njia ilikuwa sindano: ama kuvuta maji ya uzazi na kupima rangi ya bilirubini, ile njano inayotokana na chembe nyekundu zilizovunjika, ama kuchoma kamba ya kitovu na kuvuta damu ya mtoto. Mwaka 2000 Giancarlo Mari na wenzake walichapisha utafiti wa watoto 111 waliokuwa hatarini kwa sababu ya kingamwili za mama. Kipimo cha kasi hakikumkosa hata mmoja mwenye upungufu wa kati au mkali, ingawa kiliwashuku bure 12 katika kila 100 wasio na tatizo. Mwaka 2006 utafiti mwingine ulipoilinganisha Dopla na maji ya uzazi, Dopla iliwanasa asilimia 88 ya wenye upungufu mkali, maji yakawanasa asilimia 76. Kwa hiyo kipimo ni kizuri, ila si cha kuaminiwa kikiwa kimepimwa ovyo. Mwongozo huu ni kwa anayeijua tayari mashine na anataka namba yake iaminike.

Hatua ya 1: Jua kwa nini unapima

Kipimo hiki si cha kila mjamzito. Soma faili kwanza. Kundi kubwa ni akina mama wenye kingamwili dhidi ya chembe nyekundu za mtoto: anti-D kwa mama mwenye resus hasi, anti-c, na anti-Kell. Kell itazame kwa jicho la tofauti. Haivunji chembe tu, huzuia pia uboho wa mtoto kutengeneza mpya, kwa hiyo upungufu unaweza kuwa mkali hata kiwango cha kingamwili kikiwa kidogo. Kwa anti-D, vituo vingi huanza kupima Dopla kiwango kikifika 16 au 32 (yaani kingamwili bado zinaonekana damu ikizimuliwa mara hizo), kutegemea maabara. Na kama kipimo cha vinasaba kutoka kwenye damu ya mama kimeonyesha kwamba mtoto naye ni resus hasi, anti-D haina cha kumfanya.

Kundi la pili ni mama aliyepata parvovirusi B19, ile ya ugonjwa wa mashavu mekundu. Huyu hufuatiliwa kwa wiki 8 hadi 12 baada ya maambukizi. Kuna pia mapacha wanaotumia kondo moja, mtoto aliyevujisha damu kuingia kwa mama, kondo lenye uvimbe wa mishipa, na mama anayesema mtoto amepunguza kucheza bila sababu inayoonekana. Huyo wa mwisho husahaulika sana.

Kuanzia wiki ya 18 namba zina jedwali la kulinganishia. Wenye hatari kubwa huanza wiki ya 16.

Hatua ya 2: Hakikisha umri wa mimba

Kasi ya kawaida hupanda kwa karibu asilimia 5 kila wiki. Ukikosea umri wa mimba kwa wiki mbili, umeshakosea jibu kwa karibu asilimia 10 kabla hujapaka jeli. Tumia tarehe iliyotokana na kipimo cha mapema cha urefu wa mtoto. Usitumie makadirio ya leo ya ukubwa wa kichwa.

Hatua ya 3: Subiri mtoto atulie

Mlaze mama akiwa ameinuka kidogo na kuegemea kushoto. Mtoto akiwa anapumua kwa kifua, ana kwikwi, anarusha miguu au mapigo ya moyo yamepanda kwa sababu ya kucheza, kasi hupanda nayo na utamtia mama hofu isiyo na msingi. Subiri. Mara nyingi namwambia mama, "Mama, mtoto wako anafanya mazoezi, tumsubiri kidogo," na huo muda nautumia kuangalia kondo na maji ya uzazi. Msongamano nje ya chumba si sababu ya kupima mtoto anayecheza.

Hatua ya 4: Tafuta mshipa

Anza na mkato wa kichwa kwa upana, ule wa kupimia kipenyo, unaoonyesha thalamasi mbili. Kisha telezesha proba taratibu kuelekea kwenye kitako cha fuvu mpaka uone mabawa ya mfupa wa sfenoidi, mistari miwili myeupe inayotoka katikati kwenda pembeni. Washa rangi. Utaona mduara wa mishipa katikati, na kila upande ateri moja ikitoka kuelekea kwenye paji kwa pembeni. Hizo ndizo unazozitaka.

Kuza picha mpaka ateri yenyewe ichukue zaidi ya nusu ya skrini. Wengi huruka hatua hii kwa sababu mshipa unaonekana bila kukuza. Unaonekana, ndiyo, lakini huwezi kujua pembe yake wala mahali hasa ulipoweka lango la kupimia, kile kialama kidogo kinachoiambia mashine isome kasi wapi.

Ateri ya upande ulio karibu na proba ndiyo chaguo la kwanza. Ya mbali inakubalika kama ndiyo pekee inayolala vizuri. Na mkono wako uwe mwepesi: ukikandamiza fuvu, mtiririko wa damu ndani yake hubadilika, na unachopima ni mkono wako.

Hatua ya 5: Pembe

Hapa ndipo kipimo kinapopona au kufa.

Mashine huisoma kasi kikamilifu pale tu mawimbi yanapokwenda mstari mmoja na damu. Pembe ikifunguka, inasoma pungufu. Kwa digrii 15 unapoteza takriban asilimia 3, na hiyo inavumilika. Kwa digrii 30 unapoteza 13. Kwa digrii 45 unapoteza 29, na kwa digrii 60 nusu nzima.

Chukua mtoto wa wiki 28 ambaye damu yake kweli inakimbia sentimita 60 kwa sekunde. Mediani ya wiki hiyo, yaani kasi ya katikati kwa watoto wasio na tatizo, ni 36.9, kwa hiyo yuko mara 1.63 ya mediani, juu ya mpaka wa mara 1.5 ambapo tunaanza kushuku upungufu. Mpime kwa pembe ya digrii 30 bila kujali: mashine itaandika 52. Gawa kwa 36.9, unapata 1.41. Mama anarudi nyumbani kwa wiki mbili akiwa na karatasi inayosema mambo ni sawa.

Angalia upande ambao kosa hili linaelekea. Pembe mbaya haiongezi kasi, inaipunguza tu, yaani kosa lake ni kumficha mtoto mgonjwa. Mtoto anayecheza hupandisha namba, na kosa hilo ukirudia kipimo utaligundua. Pembe mbaya haikupi sababu yoyote ya kurudia. Kwa hiyo nikiwa na namba ya kawaida kwa mtoto mwenye hatari kubwa, naikagua picha kwa ukali zaidi kuliko nikiwa na namba ya juu.

Je, kitufe cha kurekebisha pembe? Kiache. Mashine itakokotoa kulingana na mstari uliouchora wewe, na kadiri pembe ilivyo kubwa ndivyo kosa dogo la mstari linavyozaa kosa kubwa la namba. Badala ya kurekebisha kwa hesabu, rekebisha kwa mkono. Mtoto akiangalia upande, mshipa unakufuata wenyewe. Akiwa ameelekeza uso au kisogo moja kwa moja kwako, mshipa unapita mbele yako kama barabara inayokatiza. Hamisha proba hadi ubavuni mwa mama uifuate kwa mbele. Ikishindikana, mama ageuke, atembee kidogo, kisha jaribu tena.

Hatua ya 6: Lango na mawimbi

Weka lango la milimita 1 hadi 2 mwanzoni mwa ateri, pale inapotoka tu kwenye ateri ya karotidi ya ndani. Usiende mbali, kwa sababu kasi hushuka kadiri damu inavyoelekea pembezoni.

Washa mchoro wa mawimbi ya kasi ya damu. Rekebisha skeli ili wimbi lichukue sehemu kubwa ya skrini bila kukatika juu. Kichwa cha wimbi kikikatika na kutokea chini, ongeza skeli au shusha mstari wa sifuri. Hakikisha kiashiria cha joto hakizidi 1, na ukishapata mawimbi safi gandisha picha. Dopla haikai imewashwa kichwani mwa mtoto huku watu wakipiga soga.

Unataka mawimbi 3 hadi 10 mfululizo yanayofanana. Yakiwa yanapanda na kushuka kama meno ya msumeno, mtoto anapumua. Rudi hatua ya 3.

Hatua ya 7: Soma kilele

Weka alama kwenye ncha ya juu kabisa ya wimbi. Ukitumia ufuatiliaji wa mashine wenyewe, soma mstari sahihi: mashine hutoa kasi ya kilele, kasi ya mwisho wa pigo, kasi ya wastani na faharasa ya mpigo, zote kwenye kisanduku kimoja. Unayohitaji ni ya kilele peke yake. Hakikisha pia mstari wake haujapanda juu ya kelele zilizo juu ya wimbi.

Rudia angalau mara tatu, kila mara ukiitafuta upya ateri. Kisha chukua ya juu kuliko zote miongoni mwa zilizo safi. Usichukue wastani: tumeona kwamba pembe hupunguza tu, kwa hiyo mtoto akiwa ametulia, namba ya juu ndiyo iliyo karibu zaidi na kweli.

Hatua ya 8: Linganisha na jedwali

Gawa namba yako kwa mediani ya wiki husika. Jibu, yaani kasi ni mara ngapi ya mediani, ndilo mashine nyingi huliandika kama MoM. Hizi ndizo mediani, na mbele yake mpaka wa 1.5, zote kwa sentimita kwa sekunde:

Wiki 18: 23.2 na 34.8
Wiki 20: 25.5 na 38.2
Wiki 22: 27.9 na 41.9
Wiki 24: 30.7 na 46.0
Wiki 26: 33.6 na 50.4
Wiki 28: 36.9 na 55.4
Wiki 30: 40.5 na 60.7
Wiki 32: 44.4 na 66.6
Wiki 34: 48.7 na 73.1
Wiki 36: 53.5 na 80.2

Chini ya 1.5, rudia baada ya wiki 1 au 2. Usiridhike na namba moja: mtoto aliyetoka 1.1 kwenda 1.25 kisha 1.42 ananitia wasiwasi kuliko aliyekaa kwenye 1.4 mwezi mzima. Baada ya wiki ya 35 kengele za uongo huongezeka. Mtoto aliyedumaa tumboni naye anaweza kuonyesha kasi kubwa bila kupungukiwa damu.

Kwa mapacha wa kondo moja, wapime wote wawili siku ileile. Mmoja akivuka 1.5 huku mwenzake akishuka chini ya 1.0, huenda damu inavuja polepole kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, hata kama maji ya uzazi ya wote wawili ni ya kawaida.

Hatua ya 9: Mwangalie mtoto mzima

Tafuta maji tumboni, kuzunguka mapafu na moyo, ngozi iliyovimba, moyo uliotanuka, kondo nene. Usizitumie dalili hizi kujituliza. Kuvimba maji huja himoglobini ikiwa imeshashuka sana, kwa hiyo kutoyaona maji hakufuti kasi iliyo juu ya mpaka.

Hatua ya 10: Ikivuka mpaka

Rudia kipimo siku hiyohiyo au kesho yake, ikiwezekana kwa mkono wa mtu mwingine, na piga simu kwenye kituo chenye wataalamu wa tiba ya mtoto aliye tumboni. Jibu la uhakika hutoka kwenye damu ya kitovu, na anayechoma sindano hiyo huwa na damu ya kumwongezea mtoto tayari mezani. Kama mimba ni ya wiki ya 35 na kuendelea, wataalamu wanaweza kuamua mtoto azaliwe.

Kwa mama, sema ulichoona: "Mama, damu ya mtoto inakimbia kuliko kawaida. Inaweza kuwa imepungua. Leo tunakupeleka kwa wanaoweza kuhakikisha na kumwongezea ikibidi." Usimwambie ana upungufu wa damu, maana hujaupima.

Mtoto akishaongezewa damu, mpaka wa 1.5 hupoteza sehemu ya nguvu zake. Sasa ana chembe za mtu mzima, ndogo kuliko zake na zinazotiririka tofauti. Wataalamu wengi hupanga sindano ya pili kwa kukadiria kwamba hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, hushuka kwa karibu asilimia 1 kwa siku, na Dopla huwasaidia kuamua wawahi au wangoje. Kila ongezo jipya linapunguza uaminifu wa kipimo, kwa hiyo kwenye ripoti andika mtoto ameongezewa mara ngapi na lini mara ya mwisho, pamoja na umri wa mimba, ateri ya upande upi, pembe, kasi, MoM, namba za nyuma na tarehe ya kurudi.