Namna ya kufuatilia maua ya Drosera ndani ya nyumba, Dodoma

Wengi wanaootesha mimea inayokula wadudu hutazama majani tu, nzi anavyonaswa. Maua nayo yana mambo yake, ila yanataka mtu anayeamka nayo. Anza na Drosera capensis, mmoja wa mimea hiyo, wenye asili ya Afrika Kusini. Haina mbwembwe, inachanua hata dirishani.

1. Maji. Maji mengi ya bomba na visima hapa Dodoma yana chumvi, nayo huua mizizi ya mimea hii. Kinga mvua kuanzia Desemba, jaza madumu ya kukuvusha kiangazi chote. Kopo likae kwenye sahani yenye maji ya sentimita 2 hivi. Udongo ni mchanga uliooshwa na makumbi ya nazi yaliyosuuzwa mpaka maji yatoke safi. Mbolea usitie.

2. Dirisha. Chagua la mashariki. La kaskazini hupata jua kipupwe, la kusini miezi ya mvua. Ukishaweka kopo usiligeuze, maana kikonyo cha ua hufuata mwanga, na ukiligeuza kitajipinda upya.

3. Kikonyo au jani? Vyote hutoka katikati vikiwa vimejikunja, kwa hiyo sogea karibu. Jani changa limejaa vinywele vyekundu vyenye vichwa. Kikonyo kina manyoya mafupi tu, na kwenye mkunjo vitumba vya kijani vimepangana upande mmoja. Kifunge uzi wa rangi. (Mwenye Dionaea changa, mmea mwingine unaokula wadudu, ule wa majani yanayojifunga kama mtego, akate kikonyo kikiwa bado kifupi. Kuchanua huinyonya nguvu. Drosera hii haijali.)

4. Kuandika. Kila ua ni la siku moja: hufunguka asubuhi mwanga ukishakolea, hufunga alasiri, basi. Linalofunguka ni lile lililo juu kabisa ya mkunjo, petali tano za waridi. Kesho yake mkunjo umejinyoosha kidogo na tumba linalofuata limeshika nafasi ileile. Andika tarehe, saa ya kufunguka, saa ya kufunga na hali ya anga. Siku ya mawingu mazito ua linaweza lisifunguke kabisa. Iandike hiyo pia, tena kwa herufi kubwa, kwa sababu ndiyo inayokuonyesha kuwa ua linasikiliza mwanga, si saa ya ukutani.

5. Uchavushaji. Brashi ya nini? Ua likijifunga, chavua yake hugusa stigma, sehemu ya kike inayoipokea, bila msaada. Hata lisilofunguka huweza kutoa mbegu. Wewe angalia vidukari, wanapenda vitumba. Waoshe kwa maji ya mvua.

6. Mbegu. Ngoja vifuko vikauke viwe kahawia. Funga dirisha kwanza, hasa Julai na Agosti, upepo wetu mnaujua. Kung'uta kikonyo juu ya karatasi nyeupe, zitadondoka mbegu nyeusi, laini kama vumbi. Zinyunyize juu ya udongo wenye unyevu bila kuzifukia. Zinahitaji mwanga ili ziote.