Uhai ni mtaji: jinsi ya kuthubutu katika Slay the Spire

Slay the Spire, mchezo wa kompyuta wa kupigana kwa kadi uliotengenezwa na MegaCrit na kukamilika 2019, humwadhibu mwoga sawasawa na mzembe. Nitamtumia Ironclad, mmoja wa wahusika unaoweza kumchagua: uhai 80, kadi 10 za kuanzia, nishati 3 kila zamu, na uhai 6 anaorudishiwa pambano likiisha. Hizo 6 ndizo zinazomruhusu kuthubutu.

Hatua ya 1: Soma ramani ukianzia kwa bosi. Natafuta njia yenye Elite wawili, yaani maadui sugu, iliyo na moto wa kambi kabla yao na njia panda ya kukwepea nikifika hoi. Elite hutoa hirizi, vitu vya kukusaidia katika mapambano yajayo, na asiye na hirizi za kutosha hutaabika sana sura ya pili.

Hatua ya 2: Mwanzoni chukua kadi za kupiga. Sababu ni Gremlin Nob, mmoja wa Elite wa sura ya kwanza. Zamu ya kwanza hunguruma tu. Baada ya hapo, kila kadi ya aina ya Skill (isiyo ya kupiga, kama ya kujikinga) unayocheza humwongezea nguvu 2. Tuseme umecheza Defend, kadi ya kinga 5. Pigo lake limeshapanda kwa 2, kwa hiyo umeokoa 3 tu. Mapigo mawili yanayofuata yanakutoza 4. Umejikinga, na umepata hasara! Huyu anauawa haraka, basi.

Hatua ya 3: Kataa kadi. Unachota kadi 5 kila zamu. Fungu la kadi 10 hupita lote mkononi kwa zamu mbili. La 20, zamu nne. Kabla ya kuchukua kadi najiuliza itanisaidia dhidi ya nani. Nisipoweza kumtaja adui, naiacha. Dukani, kuondoa Strike, kadi ya kupiga ya kuanzia, huanza kwa dhahabu 75 na kupanda 25 kila mara. Mimi hulipia hilo kwanza.

Hatua ya 4: Kambini unaweza kulala au kuboresha kadi moja; usikimbilie kulala. Kulala hurudisha asilimia 30 ya uhai. Kadi iliyoboreshwa inabaki nawe hadi mwisho. Pigo la Bash, kadi nyingine ya kuanzia, hupanda kutoka 8 hadi 10, na adui hubaki wazi zamu 3 badala ya 2, akila nusu zaidi kwa kila pigo. Nikiwa na uhai 45 naboresha. Nikiwa na 25 na Elite yuko mbele, nalala.

Hatua ya 5: Kwa bosi, mwaga kila kitu. Ukimshinda, uhai hujazwa wote. Kuanzia Ascension 5 (Ascension ni ngazi za ugumu), hurudishwa robo tatu ya uliopungua. Katika ngazi za chini, kumaliza na uhai 4 ni sawa na kumaliza na 60. Zile chupa za dawa ulizobana tangu mwanzo, zinywe hapo.